Maji ya Bomba Ndani ya Kompyuta

Kompyuta yangu ya kwanza, ya mtumba, ilikuwa ikizimika kila mchana kwa joto. Nikaamua kuipoza kwa maji, ingawa hakuna aliyenifundisha. Kasha nililitengeneza kwa mbao. Rejeta na pampu ndogo nilivitoa kwenye gari bovu. Kila mpira niliupima mara tatu, maana tone moja lingeiunguza kompyuta, na nisingepata nyingine.

Haikuvuja. Lakini baada ya mwezi ikaanza tena kuzimika. Nilifungua kisahani cha shaba nilichokuwa nimekichonga mwenyewe na kukibana juu ya prosesa ili maji yapite ndani yake, nikakuta vijia vya maji vimezibwa na ukoko mweupe.

Mama alichungulia. "Ulitia maji gani?"

"Ya bomba."

"Ya bomba, Dodoma hii yenye maji ya chumvi! Na birika unalolisugua kila Jumamosi, ulidhani ule weupe ni unga?"

Naungama, nilipima kila kitu isipokuwa maji. Mama akachemsha ukwaju, tukaloweka shaba pamoja na birika lake mpaka ukoko ukatoka. Kisha nikachota maji ya mvua kwenye pipa, nikayachuja kwa kitambaa, nikayatia, nikawasha.

Mchana ule haikuzimika. Hata hivyo sikubanduka pembeni yake hadi jioni.