Moja Hubaki

Harufu ya buni inayokauka juani hunirudisha kwenye mkeka wa mama. Siku moja shuleni mwalimu alituuliza kama milioni moja na mbili inagawanyika kwa tatu; asiye na jibu asirudi kesho. Nilirudi nyumbani nikilia, nikamweleza swali hilo.

Mama, ambaye hakuwahi kukanyaga shule, alichukua punje kumi za buni, akatugawia sawasawa watoto wake watatu. Ikabaki moja.

“Kila kumi hubakiza moja. Na makumi kumi je?”

“Zitabaki kumi.” Nikazigawa tena. “Moja!”

“Hiyo milioni ni nini, mwanangu?”

“Ni kumi mara kumi, mara kumi tena, hivyo hivyo mpaka mbali.”

“Basi hata huko mbali hubaki moja. Ongeza zile mbili.”

Zikawa tatu. Kila mtoto akapata yake.

Nilifundisha hesabu mpaka nikastaafu. Somo hilo sikuliongezea neno.