Lebo ya Koti Langu la Posa

Nimekubali kuandika aibu hii mwenyewe, maana pale Muleba sokoni inasimuliwa na watu ambao hawakuwepo, na kila mmoja anaongeza chumvi yake.

Mimi mnanifahamu. Nimetoka Buganguzi na baiskeli ya kubebea ndizi, shule nikaishia darasa la tatu, leo nina Fuso mbili na nyumba ya vigae (nendeni mkaiangalie, haina geti la kuwazuia). Sasa kijana wangu Edga akapata mchumba, Jovina, nesi, kwao Nyanga pale Bukoba, nikasema siku ya kwenda kuposa siwezi kuvaa kama mtu wa kawaida. Nikashonesha koti kwa fundi Deo. Koti likatoka zuri, ila lilikuwa halina lebo ndani, na koti lisilo na lebo ukilitundika kwenye kiti nani atajua limetoka wapi? Nikamwambia Deo anitafutie lebo ya Ulaya, aishone isitoke milele. Akaishona kwa uzi wa nailoni, ule wa nyavu za samaki.

Basi zile ncha za nailoni zikawa zinanichoma shingoni kama miiba ya sato. Mke wangu akaniambia, "Ta Edga," yaani baba Edga, "leta wembe nikate hiyo takataka." Nikamjibu lebo ndiyo koti, kama inakuwasha wewe, usivae.

Tukafika Nyanga. Kwetu anayeomba mke hajidai, tuliketi chini mkekani, kikapu cha kahawa za kutafuna kikapita, na mimi nimeshika zangu kwa mikono miwili kwa adabu, kwa hiyo siwezi kujikuna, na jasho linatoka, na nailoni inachoma. Baba wa binti, Ta Laurian, mzee asiyecheka ovyo, akaniuliza mbele ya ukoo mzima, "Huyu mtoto wetu, nyumbani kwako mmempenda kweli?"

Wakati huohuo ncha ikanidunga. Nikapandisha mabega yote mawili na kukunja uso.

Edga akanitazama kama anayetazama nyumba inaungua.

Shangazi wa binti, Ma Koku, akadakia, "Waitu! Mtu anaulizwa kama amempenda mtoto wetu, anapandisha mabega! Kwani tulikuja kwenu sisi?"

"Hapana, Ma Koku, ni koti," nikasema. "Lebo inanichoma. Unajua haya makoti ya Italia, lebo zake ni ngumu." (Hapo ningenyamaza. Lakini ndugu zangu, mimi kunyamaza sikufundishwa.) "Ameniletea rafiki yangu kutoka kulekule."

"Basi vua nikusaidie," akasema, akatoa wembe. Nikavua kwa furaha, maana sasa wataiona. Akaikata, akaigeuzageuza, akampa Jovina aliyeketi nyuma yake, maana nesi anajua Kiingereza. Jovina akaisoma kimoyomoyo, akamwangalia Edga, akaniangalia mimi.

"Baba, nisome?"

"Soma, mwanangu! Soma kwa sauti, wazee wasikie!"

Akasoma, akitutafsiria polepole kama anayesoma cheti cha mgonjwa: "Nguo ya kulalia ya mtoto. Miaka minane hadi kumi. Iwekwe mbali na moto."

Mimi zile nane na kumi nilikuwa nimeziona, nikadhani ni saizi za kizungu.

Wanawake walicheka mpaka kikapu cha kahawa kikamwagika. Ta Laurian hakucheka. Akasema, "Kama koti limetudanganya, hiyo nyumba ya vigae tuliyosimuliwa ipo? Na huyu kijana, hana mke mwingine huko Muleba?"

Nikaona macho ya Edga yamejaa maji, mtu mzima. Nikapiga magoti bila kuambiwa. "Ta Laurian, koti kashona fundi Deo, sokoni kwetu. Kiingereza sijui. Italia sijui hata iko upande gani. Lakini nyumba ipo, na mwanangu hajawahi kusema uongo, hilo kalirithi kwa mama yake. Na binti yenu tumempenda. Mabega yalikuwa ya nailoni."

Mzee akanionyesha mkeka nirudi kuketi. "Hiyo ndiyo kauli yako ya kwanza ya maana tangu uingie," akasema, kisha akatupiga faini ya madumu manne ya rubisi, pombe yetu ya ndizi, mawili ya uongo, mawili ya mabega. Tukalipa, tukapewa mke.

Siku ya harusi Ma Koku alinikabidhi kifurushi mbele ya watu. Ndani mlikuwa na nguo mpya ya kulalia ya mtoto wa miaka minane. "Ya mjukuu," akasema. "Lebo nimeshakata, asije akapandisha mabega."

Ipo kabatini, mjukuu ana miezi saba sasa. Na mimi nguo yoyote nikinunua, kabla sijaijaribu natafuta wembe kwanza, na mtu akiniuliza koti hili limetoka wapi, namjibu: kwa Deo, sokoni, karibu na mashine ya kusaga.