Kanzu Niliyoipeleka Mbwera

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo siikumbuki kwa kupenda. Hunijia yenyewe kila nikuonapo umeinua simu yako mbele ya uso wa mtu na kumwambia, "Tabasamu." Kaa hapa nikusimulie. Na hiyo simu iweke chini kidogo, haitakimbia.

Mimi unanijua kwa kucheka. Hata shule nimeisoma ya usiku, mtu mzima na ndevu zangu, nacheka peke yangu kila mwalimu akiniita kijana. Lakini hadithi hii vicheko vyake vyote viko mwanzoni, basi vicheke sasa, mbele havipo.

Baba yangu, Salum, aliugua figo. Matibabu ya kwetu yakafika mwisho, tukaambiwa apelekwe India. Tukaenda yeye, mama na mimi. Katika ukoo wetu hakuna aliyewahi kuvuka mpaka wa nchi. Siku zile, mtu wa kijiji chetu cha Mbwera akienda Kibiti akalala huko, akirudi anapokewa kama hujaji. Mama alifungasha mchele wa kulisha jeshi, kana kwamba Wahindi hawajapata kuuona mpunga. Mimi nilinunua kamera kwa pesa za kuvua kamba, nikaivaa shingoni kama hirizi. Ndani ya ndege nilikishika kiti kwa nguvu, nadhani mpaka leo kina alama za vidole vyangu.

Tulipofika, hakuna nilichokiacha. Nilipiga picha lifti ya hospitali. Nilimpiga picha ng'ombe aliyelala katikati ya barabara kuu, magari yanamzunguka kwa adabu kama mkuu wa mkoa. Nilipiga jengo refu ambalo ukilitazama kofia inaanguka nyuma, na chemchemi ya bustanini iliyorusha maji juu kama nyangumi. Nilitaka Mbwera nzima ijue tumefika.

Sasa sikiliza vizuri. Baba alikuwa na kaka yake, Baba Mkubwa Mshamu. Mashamba yao ya mpunga yalipakana, na mpaka wao ulikuwa mkono wa mto. Mwaka mmoja mafuriko yakaja, na maji yalipotulia, ule mkono ulikuwa umehama. Umelikata shamba la baba na kuliacha pande zuri ng'ambo, kwa kaka yake. Unaujua mto wetu, haulali ulipolala jana. Baba akasema mpaka ni pale maji yalipokuwa. Mshamu akasema mpaka ni pale maji yalipo. Hapo hapo salamu ikakatika. Watu wa tumbo moja wakawa wanapishana mlangoni mwa msikiti kama wageni. Wahenga walisema ndugu wakigombana chukua jembe ukalime, lakini hawa walilima wenyewe, kila mtu na hasira yake. Siku tuliyoondoka, watu wote walikuja mtoni kutuaga isipokuwa yeye.

Kule India hali ikawa inakwenda chini. Asubuhi moja baba akaniita kitandani.

"Hicho kidude chako kinafanya kazi?"

"Kinafanya, baba."

"Basi nipige. Hivi hivi nilivyo, na mipira yangu hii ya dawa. Mpelekee kaka yangu. Mshamu neno halimwingii, lakini akiniona atakwenda Dar kwa shangazi yako mwenye simu, atapiga. Nataka radhi yake tu. Shamba achukue."

"Baba, utatutia aibu. Watu watasemaje kule?"

"Watasema Salum anaumwa. Kwani uongo?"

Mwanangu, kwetu picha ilikuwa jambo la Idi na harusi. Mgonjwa hufunikwa, haoneshwi. Basi nikajiona mimi ndiye mwenye akili, namsitiri mzee wangu. Nikangoja wauguzi wamwondolee mipira, nikamvisha kanzu nyeupe na kofia ya kushona kwa mkono, nikamsukuma kwa kiti cha magurudumu mpaka bustanini, kwenye maua. Uso wake ulikuwa umejaa maji ya maradhi. Yale mashavu yaliyokuwa yamebonyea kama mtumbwi yalikuwa yamevimba, yanang'aa. Mama akasimama nyuma kumshikilia, maana mgongo haukumbeba tena. Nikamwambia mama, "Ficha mkono, unaharibu picha." Akaurudisha nyuma, vikabaki vidole.

"Cheka kidogo, baba."

Akacheka. Nadhani alinicheka mimi.

Picha zikasafishwa. Mama mmoja wa Ikwiriri aliyekuwa amepona akazibeba kurudi nyumbani. Alipofika Kibiti akampa bahasha mtu wa boti, ikafika Mbwera bila mdomo wa kuieleza.

Tukangoja. Palikuwa na simu kwenye korido ya wodi, na kila ikilia baba anainua kichwa. "Mshamu huyo?" Muuguzi anapita, anamwita mgonjwa mwingine. Ikilia tena, anainua tena. Aliniuliza kama picha imefika. Nikamwambia imefika. Akaniuliza, "Nilivyokwambia?" Nikajidai natengeneza mto wake wa kulalia. Sikupata kumjibu swali lile, na hakupata kuliuliza tena.

Tulimzika huko huko, katika makaburi ya Waislamu wa mji ule, kati ya watu ambao hata majina yao hatukuweza kuyasoma. Mama akaniambia, "Piga basi kaburi la baba yako, ndugu zake walione." Kamera ilikuwa shingoni. Mikanda yote niliyonunua ilikuwa imekwisha. Ilikuwa imeishia kwa ng'ombe na chemchemi.

Tuliporudi, boti haijafunga, nikamwona Baba Mkubwa Mshamu amesimama ndani ya maji mpaka magotini, anatungoja. Habari ilikuwa imemfika. Hatukusalimiana, tulilia. Baada ya dua akaniita pembeni, akaitoa ile picha mfukoni mwa shati.

"Nilikwisha kufunga mkoba, mwanangu," akasema. "Nilisikia Salum ana hali mbaya, nikasema shamba na liende na maji, kesho napanda boti niende Dar nikapige hiyo simu. Jioni bahasha ikaja. Nikamwita mama yako mkubwa, nikamwambia njoo umwone mgonjwa! Huyu mgonjwa au bwana harusi? Kanawiri huyu, atanikuta. Nikafungua mkoba. Nikarudi dunguni kwangu kufukuza ndege wa mpunga."

"Yalikuwa maji, Baba Mkubwa. Alivimba."

Akaisogeza picha karibu na macho. Halafu akaweka kidole begani pa baba.

"Na hivi vidole vya nani?"

"Vya mama. Alimshika asianguke."

Nilidhani atanipiga, na laiti angechukua kafi akanivunja nalo. Alisema kwa sauti ya chini tu: "Ulinipelekea kanzu, mwanangu. Ndugu yangu ulimbakiza huko."

Pande lile la shamba hakulilima tena, likamezwa na matete. Na kila Idi, mpaka anaingia kaburini, alikuwa akiitoa ile picha, anasema, "Salum, niwie radhi, na mimi nimekuwia." Kisha anatega sikio kama mtu anayengoja simu. Nami nimekaa hapo hapo, ubavuni pake.

Mficha maradhi, kilio humuumbua. Ulilisikia hilo utotoni ukalipita kama wimbo. Mimi limenikalia kifuani. Kesho unawachukua wanao na mama yao kwenda nchi usiyoijua. Nenda, piga picha, piga na ng'ombe ukimwona. Lakini mtu wako akikwambia nioneshe nilivyo, usimvishe kanzu kwa kuogopa watu. Na akikuletea picha amenawiri, usifungue mkoba. Mpigie, isikilize sauti yake, uliza nani anamshikilia nyuma. Nimesikia na wewe na kaka yako hamsemezani. Sikuulizi sababu. Sababu zetu zote huhama kama ule mkono wa mto.

Mola akupe safari yenye marejeo. Akuoneshe nyuso za walio wako wangali hai, na radhi ikufikie masikio yako yangali yanasikia. Haya, ichukue sasa hiyo simu yako. Mpigie.