Simu Ambayo Sikumpigia Mwanyumba

Mwanyumba wangu aliishia darasa la saba. Mimi nilimaliza kidato cha nne. Naanza na hilo kwa sababu kwa miaka mingi ndilo lililokuwa jibu langu kwa kila alichonizidi. Alipoezeka nyumba yake ya Chimala kwa vigae, nilijiambia: darasa la saba. Aliponunua fuso la pili la kubebea mchele, nikajiambia hivyohivyo, ila kwa sauti ndogo zaidi.

Tumeoa mtu na mdogo wake. Mkubwa nimemwoa mimi, kwa hiyo yeye huniita "mkubwa," na heshima hiyo hakuipunguza hata siku moja. Baba yake aliingia bonde la Usangu akichunga ng'ombe kutoka Usukumani, lakini yeye ng'ombe walimchosha akageukia mpunga. Wateja wake wa Zambia, ng'ambo ya Tunduma, walimlipa kwa dola za kidijitali, zile zinazokaa kwenye simu. Nilimwona mara moja akizipokea huku anakunywa chai. Alitazama simu, akaguna, akarudia chai yake. Mimi wakati huo nilikuwa nimestaafu kiwanda cha karatasi kule Mgololo na kuhamia Mafinga, na kiinua mgongo changu nilikuwa nakipigia foleni dirishani.

Tulipomaliza matanga ya baba mkwe, tulikaa sote kula. Ukweni kwetu firigisi huwekwa kwenye sahani ya mkwe mkubwa. Siku hiyo iliwekwa kwenye sahani ya mwanyumba. Sijui kama aliyepakua alikosea au alikusudia. Mwenyewe aliisogeza sahani kwangu.

"Mkubwa, hii imepotea njia."

Shemeji yangu, yaani mke wake, akadakia: "Ipokee tu, shemeji. Njia haikupotea, imefuata fuso lililomleta kuku."

Watu walicheka, na yeye alicheka kidogo. Mimi nilisema nimeshiba. Nadhani aliona uso wangu, maana baada ya kunawa alivuta kigoda karibu, akatoa simu na kuniambia kwa upole kwamba angeweza kunionyesha namna ya kuhifadhi kiinua mgongo kwa dola, shilingi isije ikashuka na kukilamba. Nilimjibu mbele ya wote, tena kwa sauti ya mtu anayesoma tangazo: "Siku nikihitaji msaada wako nitakuomba mwenyewe. Kabla ya hapo usinisaidie."

"Nimesikia, mkubwa," alisema, akarudisha simu mfukoni.

Haikupita muda nikapanda basi kwenda Mbeya, peke yangu, nikamtafuta dada mmoja wa Mwanjelwa aliyeuza makava ya simu na kufanya kazi hiyo ya dola pembeni. Nikanunua kwa sehemu nzuri ya kiinua mgongo. Aliniuliza nataka kwenye mtandao upi. Kumbe dola hizo ziko kwenye mitandao mingi, na kila mtandao ni kama nchi yake. Nilichagua uliokuwa na jina kubwa. Sikumwambia mtu. Nilikuwa nafungua simu nikiwa chooni, naziangalia, na ninachokiona si dola bali sura ya mwanyumba siku nitakayomwonyesha.

Mwaka uliofuata mashemeji zangu wa kiume waliamua kuuza majaruba ya mpunga ya Usangu, kando ya mfereji huko Chimala, shamba la baba yao. Kwa heshima walimpa dada yao mkubwa nafasi ya kwanza, mpaka watu waanze kusia mbegu kwenye vitalu. Mke wangu alikuwa anachambua mchele kwenye ungo aliponiambia. Kwenye majaruba hayo ndipo mama yake alipomfundishia kupandikiza, maji yakiwa magotini.

"Hata mawili tu," alisema. "Yale ya karibu na mfereji."

Hakuwa ameniomba kitu kikubwa tangu tuoane. Nilimwambia atayapata. Nilifurahi, na inanibidi niseme nilichofurahia: nilifurahi kwamba mwanyumba atasikia.

Nikarudi Mwanjelwa. Yule dada aliangalia simu yangu akatikisa kichwa.

"Baba, mtandao huu sipokei tena, makato yake yanaua. Ninanunua za ule mwingine tu. Vusha kwanza, kuna daraja."

Ule mwingine ulikuwa ndio wa mwanyumba; siku ya matanga niliuona kwenye simu yake.

Nilivusha mwenyewe nikiwa Mafinga, barazani, nimevaa miwani. Maelekezo yalikuwa ya Kiingereza. Nilisoma kila neno na kila neno nililijua, na bado sikuelewa. Nilidhani daraja hubeba fedha kama lori linavyobeba magunia. Sivyo. Ni kama stakabadhi ya ghalani: upande wa huku mali yako inafungiwa, upande wa kule unaandikiwa haki yako, kisha unakwenda kuichukua. Na kuichukua kuna ada ndogo, wenyewe wanaiita gesi, inayolipwa kwa sarafu ya upande ule tu. Nilikuwa kama mtu aliyevuka Tunduma na mfuko wa shilingi, mzigo wake uko mbele ya macho, na kuli anataka kwacha mbili ambazo hana.

Nilimpigia dada wa Mwanjelwa.

"Huna gesi ya kule, baba. Tafuta mtu wako yeyote mwenye pochi ya mtandao ule, akurushie. Haifiki hata bei ya soda."

"Nirushie wewe."

"Pochi ni ya bosi. Mimi napokea tu, siruhusiwi kutoa hata punje. Kwani humjui mtu hata mmoja?"

Nilimjua mmoja.

Mke wangu aliuliza kulikoni, nikamwambia mtandao unasumbua. Siku ya pili akauliza tena. Siku ya tatu akasema, "Umempigia mwanyumba wako?"

"Hili halimhusu."

Hakuuliza tena. Kila asubuhi nilitafuta jina la mwanyumba kwenye simu, nikalitazama, kisha nikaenda kufungua daraja kuona kama dola zimejivusha zenyewe. Zilikuwa palepale, na maandishi mekundu yaleyale ya kudai gesi. Wiki ikapita. Chimala walianza kulainisha udongo wa vitalu.

Kisha akapiga yeye. Mke wangu alikuwa amekaa pembeni yangu anamenya viazi.

"Shikamoo, mkubwa."

"Marahaba."

"Habari za huko? Mambo yote yanakwenda?"

"Yanakwenda."

Nilisikia mashine ya kukoboa ikinguruma nyuma yake.

"Haya. Mimi nipo, mkubwa. Leo nimekaa tu, sina kazi."

Sijawahi kumsikia mfanyabiashara wa mchele akisema hana kazi wakati mashine inakoboa. Nilijua anachokifanya. Alikuwa ananifungulia mlango na kusimama kando ili nipite bila kuinama. Na ndicho kilichoniuma zaidi, kwamba hata adabu alinizidi. Nikamwambia nimesikia, nikakata. Mke wangu aliendelea kumenya.

Majaruba yalinunuliwa na mtu wa Chunya aliyepata dhahabu. Mke wangu alipigiwa na kaka yake kuambiwa. Alisema "haya, asante," akaweka simu chini, akaenda kuanua nguo.

Ndipo nikampigia mwanyumba. Nilimwomba kwa maneno machache. Aliniambia nimtumie anwani ya pochi yangu, na kabla sijamaliza kufunga kamba za viatu gesi ilikuwa imeingia; nikabonyeza, dola zikavuka. Nilingoja acheke, au hata agune. Alisema tu, "Pole, mkubwa."

Mengine alinieleza shemeji, mke wa mwanyumba, siku nyingine, bila utani wowote. Mke wangu alikuwa amemwambia mapema kwamba mambo ya simu yangu yamekwama njiani, na mwanyumba alielewa palepale ni nini. Aliwaomba mashemeji wasubiri wiki moja zaidi, wakasubiri.

"Nikamwambia mpigie basi, umsaidie. Akasema, nimeshampigia. Nikamwambia basi tuyanunue sisi tumpe dada. Akasema, mkubwa ataona nimemnunulia mke wake. Alinikataza mbele ya watu, siwezi."

Niliporudi nyumbani nilimweleza mke wangu yote: dola, daraja, firigisi, hata chooni. Nilitaka anikasirikie.

"Najua," alisema. "Siku mwanyumba wako alipopiga nilikuwa hapo. Viazi vile nilivimenya mpaka vikaisha, nakusubiri useme."

Sitasema wivu umekwisha. Bado nikisikia fuso linapita barabara kuu nageuza shingo nione kama ni lake. Dola nilizigeuza shilingi, na zipo, hazina kazi.

Jumamosi tunakwenda sokoni pamoja, mimi nabeba kikapu. Mke wangu huchota mchele kiganjani, huupuliza, huunusa, na kumwuliza muuzaji umetoka wapi. Akiambiwa Usangu, haridhiki.

"Mfereji upi?" anauliza.

Muuzaji hajui. Mke wangu anaurudisha mchele kwenye gunia polepole, kisha anasema apimiwe kilo mbili.