Maharage Yaliyomwagika ni ya Nani?

Nakumbuka Jumamosi moja ya soko pale Kasulu, mwanangu, nikiwa kijana ambaye ndevu bado zinabembelezwa ziote. Nilimsindikiza shangazi yangu Bernadeta kutoka Kitanga kuuza maharage. Alikuwa mjane, nyasi za paa lake zinavuja, na mvua zilikuwa mlangoni. Maharage yale ndiyo yangempatia bati.

Mnunuzi alikuwa Bwana Hamadi, mpole wa sauti lakini mgumu wa bei, ambaye hata salamu angekuomba umpunguzie. Akaweka debe juu ya turubai lake, akajaza, akaongeza mpaka likaota kichuguu na maharage yakamwagika. Yaliyomwagika yalikuwa ya mnunuzi, bure. Wote tulijua hivyo. Hata mimi niliyebishania bei ya kiberiti, hilo sikuwahi kulibishania.

Shangazi akapitisha kiganja juu ya debe, likawa sawasawa. Yaliyomwagika akayazoa, akayarudisha kwenye gunia lake.

"Mama, hii ndiyo desturi ya soko letu," Hamadi akamwambia.

"Letu tangu lini? Askari wa kigeni walipokaa hapa, mama yangu alipimiwa hivi, na mmoja wao kasimama na bunduki. Wale walishaondoka, baba. Wewe bunduki yako iko wapi?"

Watu wakacheka. Hamadi akasema basi ayarudishe Kitanga, aone kama maharage yanaezeka nyumba. Shangazi akafunga gunia. Mimi nikaanza kuuwazia mlima wa kurudi Kitanga, maana mbebaji ni mimi. Mara mama aliyekuwa akiuza pembeni naye akafunga lake. Na wa nyuma yake. Hamadi akabaki na debe tupu.

Akakohoa. "Haya mama, pima mwenyewe."

Shangazi akapima mfuto, debe likiishia ukingoni bila kichuguu, na wenzake wakapima mfuto. Mvua zilimkuta chini ya bati, nami hadi leo natembea kifua mbele nikitaja kwetu.

Mwanangu, majeshi hufungasha virago, lakini namna walivyotuzoesha kuinama huiacha, nasi tukaiita yetu. Kila ukiambiwa "hivi ndivyo inavyofanywa", uliza nani aliileta na nani anashiba kwayo. Iliyo njema ibaki. Bati nazo zilitoka ng'ambo, sijazikataa. Inayokuinamisha iondoe kwa mkono wako, bila matusi, maana mnunuzi utamhitaji tena.

Mungu akupe mgongo ulionyooka, na majirani wasiokuacha usimame peke yako.