Kumgeuza Mama

Mama alipopooza upande wa kulia, nesi wa wodi yake katika hospitali ya Kilifi alinipa kazi moja tu: kumgeuza kila baada ya saa mbili, asipate vidonda vya kulalia. Wauguzi walikuwa wawili na wagonjwa tele. Nikajifunga leso, nikaona nitaweza. Lakini mama alikuwa mwanamke wa Ganze, mifupa iliyokomazwa na mitungi ya maji, na mwili uliopooza haukusaidii hata kidogo.

Kaka yangu alikuja kila siku kutoka Matsangoni, na kila siku nilimzuia mlangoni. Mama alilala na pampasi na shuka, na kwetu mtoto wa kiume haoni uchi wa mamake. Nesi aliniambia nimwache kaka anisaidie, la sivyo nitaumia. Nikamjibu kwamba kwetu haifai, tena kwa sauti ya mtu anayefundisha wenzake adabu. Mama mwenyewe sikumuuliza. Alikuwa bado anaongea, kwa shida, ila mimi nilishajipa jibu lake. Kaka akawa anakaa kwenye benchi la nje na chupa ya uji, nami nikijiona binti wa maana.

Wiki ya tatu kiuno kilianza kukataa. Saa mbili zikawa tatu, zikawa tano. Nikikaa nasinzia, nikiinama nalia. Jamaa waliofika waliuliza hali ya mgonjwa, wakamwombea, wakaenda zao. Siku moja nikabadilisha shuka, nikaona doa. Kidonda kilikuwa kimeshachimba juu ya makalio. Uchovu wangu ulikuwa umemtoboa mama.

Asubuhi iliyofuata niliinama nikashindwa kuinuka. Nikiwa pale sakafuni, mama amelowa, nilimwita kaka kwa hasira, kana kwamba kosa ni lake. Akaingia, hajui atazame wapi. Nikamwamrisha afumbe macho.

"Mwache," mama alisema polepole, ulimi ukimkwama. "Nimemzaa mimi. Afumbe macho ya nini?"

Kaka akamgeuza bila kuhema. Mama akamtazama kwa muda mrefu.

"Mbona siku zote hizi hukuja kuniona, baba?"

Kaka alinitupia jicho, kisha akainama akamwomba mama msamaha. Nilikuwa hapo hapo sakafuni, na maneno ninayo. Sikuyasema.

Kile kidonda kilimmaliza mama baada ya siku tisa, akiamini kwamba mwanawe alimsusa.