Simu Chini ya Meza Yangu

Nilipoinama kuokota kalamu ya ubao, nikaiona. Simu, imegandishwa kwa selotepu chini ya meza yangu, inarekodi. Dakika ya thelathini na nane.

Nikainuka kama mtu ambaye hajaona kitu.

Nayaandika haya kwa ruhusa ya wote wanaohusika. Anayetaka kunicheka anicheke, ila asome mpaka mwisho.

Mimi ni mwalimu wa Kiingereza chuoni, nafundisha vijana wa uhandisi wa mitambo, mwaka wa pili. Hawa ukiwapa injini wanaifungua na kuifunga huku wanapiga soga. Wape ukurasa mmoja wa kitabu cha maelekezo, wote wanatazama dari. Kazi yangu ni kuwafikisha mahali pa kuandika ripoti inayoeleweka, na kusoma onyo la kwenye mashine bila kubahatisha.

Siku ile tulikuwa kwenye neno moja tu, "unless", yaani "isipokuwa kama". Nusu ya darasa hulipita kama halipo, na maana yote inageuka.

Sasa elewa hali yangu. Mkataba wangu ulibakiza miezi miwili. Tetesi zilishatapakaa kwamba mwalimu mmoja wa lugha atapunguzwa. Na mkuu wa idara, ambaye zamani tulitaniana, siku hizo alikuwa ananipita kwenye korido kama ananipita nguzo.

Halafu nikakumbuka jambo lililonimaliza nguvu. Wiki moja kabla, ili kuchangamsha darasa, nilimwigiza huyo mkuu. Sauti, kikohozi, mpaka lile "kimsingi" lake kabla ya kila sentensi. Watu walivunjika mbavu.

Kama simu ilikuwepo na siku hiyo, basi kwisha habari yangu.

Nikamaliza kipindi, nikatoka, nikajibanza kwenye kona ya ngazi. Wakatoka wote, akabaki mmoja. Tunamwita Nati, kwa kuwa ni mfupi, mwili umekaza, na mfukoni hakosi nati za karakana. Binti mpole. Anaandika sana, haulizi swali.

Kupitia dirishani nikamwona anapeleka mkono chini ya meza. Akaondoka haraka kuelekea jengo la nyuma. Ofisi ya mkuu wa idara iko jengo hilohilo, juu ya karakana.

Nikajisemea, kikulacho ki nguoni mwako.

Nyumbani nikamweleza mke wangu. Alikuwa anakunja nguo, hakuacha.

"Ulimuuliza?"

"Nimuulize nini? Nimemwona kwa macho yangu."

"Umemwona anachukua simu. Hujamwona anampa mtu." Akachukua shati jingine. "Na usinichanganye, nina la kwangu. Mama anasema baba siku hizi anajifungia chumbani na simu. Mama akiingia, anachomoa visikilizio masikioni, anaanza kuuliza habari za chai. Mama anahisi kuna mwanamke."

Nikacheka. Baba yake ndiye fundi mkuu wa karakana pale pale chuoni, mwaka wa ishirini na nane huu. Mtu wa maneno machache, anayeitambua mashine mbovu kwa mlio. Mwanamke atamtolea wapi?

Siku mbili baadaye sikucheka tena.

Nilipita karakana mchana, watu wakiwa wamekwenda kula. Nyuma ya mashine mpya ya kukatia vyuma nikawakuta wawili, vichwa vimeinama pamoja, kila mmoja na kisikilizio kimoja sikioni. Baba mkwe na Nati.

Waliponiona, wakaachana kama waliopigwa shoti.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Unatafuta nini huku?"

Miaka sita nipo chuo kile, hajawahi kuniuliza swali hilo.

Njia nzima kichwa kinazunguka. Huyu binti ananirekodi mimi, na huku anamharibia nyumba mama mkwe wangu. Mke wangu sikumwambia. Kuna maneno ukishayatoa hayarudi mdomoni.

Nilichofanya, nikaandika barua kwa mkuu wa idara mwenyewe; kama ndiye aliyemtuma, alazimike kumkana. Kurekodi kipindi kwa siri ni kosa, liko kwenye kanuni za chuo. Baba mkwe nikamwacha nje ya barua, nikaweka jina la Nati peke yake.

Kikao kikaitwa Alhamisi asubuhi. Mkuu wa idara, katibu wake, mimi, na Nati kakaa kwenye ukingo wa kiti.

"Ulirekodi?" mkuu akauliza.

"Nilirekodi."

"Kwa nini?"

Nati akapeleka mkono mfukoni, nati zikagongana.

"Ulikuwa unampelekea nani?"

"Siwezi kusema."

"Kimsingi, usiposema, utasimamishwa muhula mzima. Unaelewa?"

"Naelewa."

Hapo nikaingiwa na wasiwasi. Mtu anayetumwa kukuchimba huwa hakubali kuzama peke yake.

Mkuu akaichukua simu ya Nati, aliyoagizwa aje nayo, iliyokuwa mezani. "Basi tusikilize tujue kulikuwa na nini." Akabonyeza rekodi ya kwanza aliyoiona.

Sauti yangu ikajaa chumba kile. Nakohoa. Nasema "kimsingi". Darasa linaangua kicheko.

Katibu akatazama viatu vyake. Mimi nilikosa hata pa kutazama. Mkuu akasikiliza mpaka mwisho, akazima, akaiweka simu taratibu.

Kabla hajafungua mdomo, mlango ukagongwa.

Aliingia baba mkwe na ovaroli lake, kofia mkononi. Hakunitazama.

"Samahani, mkuu. Nimesikia huku mtoto anafukuzwa. Zile rekodi ni zangu."

"Zako kivipi, mzee?"

"Nasomea." Akaikunja kofia. "Mashine mpya imekuja, maandishi yote Kiingereza. Na ninyi mmesema mafundi wote tutafanya mtihani wa usalama. Hizi za zamani nilizijua kwa mkono. Hii mpya, mwezi jana niliiwasha kifuniko kikiwa wazi. Onyo lipo, nililisoma, nikaelewa nusu. Ikakamata mkono wa koti la huyu binti. Nikaizima koti limeshaingia mpaka kwenye kiwiko."

Nati akasema kwa sauti ndogo, "Sikuumia."

"Hakuumia. Angeweza kunishtaki. Akaniuliza tu, mzee, nikuletee masomo? Mimi ndiye niliyemwambia asimwambie mtu, hasa mwalimu wake."

"Kwa nini hasa mwalimu wake?" mkuu akauliza.

Ndipo akanitazama.

"Huyu ni mume wa mwanangu. Siku anakuja kuposa nilimhoji saa mbili nzima kama anafaa. Leo nikakae mbele yake, anisahihishe kama mtoto wa chekechea?"

Nilitamani sakafu ifunguke.

Mkuu wa idara akanigeukia. "Na wewe, ulidhani zinakwenda kwa nani?"

Nikasema ukweli, maana uongo ulikuwa umeniishia. "Kwako, mkuu. Nilidhani unatafuta sababu ya kunitoa."

Akapumua kwa nguvu. "Mkataba wako mpya niliusaini tangu mwezi jana. Uko kwa karani, unakusubiri uende. Kama nimekuwa nakupita, nina mama mgonjwa hospitalini. Sikumbuki hata niliowasalimia." Akakohoa. "Na kikohozi changu hakiko hivyo."

Nati akarudishwa darasani siku hiyohiyo, barua ikachanwa. Niliomba radhi mbele ya darasa lote, si pembeni. Akaitikia kwa kichwa. Ilimchukua mwezi mzima kunitazama usoni, na sikumlaumu.

Mama mkwe alipoambiwa ukweli alisema afadhali ingekuwa mwanamke, angalau angejua wa kumgombeza.

Jumamosi nikaenda kwao na daftari jipya. Nikamwambia, "Baba, ukiniruhusu."

Akanipisha nipite. "Funga mlango."

Mtihani wa kwanza alianguka. Wa pili akapita kwa alama chache. Jioni ile alinipigia simu. Hakusema amepita; mke wangu ndiye aliyeniambia baadaye. Aliniuliza tu, "Mwalimu, wiki ijayo tunaanza na nini?"

Nikavuta daftari, nikaanza kupanga naye.

Wahenga walisema kuuliza si ujinga. Mzee aliona haya kuniuliza mimi, nami nikaona nimeshajua, sikumuuliza binti. Kati yetu sisi wawili watu wazima, kidogo tu mtoto wa watu apoteze masomo yake. Ukihisi mtu anakuchimba, muulize yeye kwanza. Barua utaiandika kesho.